Chipsi za McDonald's bila mafuta ya ng'ombe: kilichopotea, kilichobaki na cha kuagiza

Waliokula McDonald's ya Marekani kabla ya 1990 wana malalamiko mengi kuhusu chakula cha siku hizi, na mengi hayasimami. La chipsi linasimama. Hadi Julai ya mwaka huo chipsi zilikaangwa kwenye mchanganyiko ulioitwa Formula 47: karibu asilimia 93 mafuta ya ng'ombe, iliyobaki mafuta ya mbegu za pamba. Leo kilichomo kwenye mashine ni mchanganyiko wa mafuta ya mbegu za kanola, ya mahindi na ya soya. Chipsi haina sosi wala viungo vya kuficha kitu. Ni kiazi, mafuta na chumvi, na mafuta yakibadilika mlaji anajua.

Kwa hiyo tunaanza na chipsi na tutakaa nazo. Baga, nageti, kuku na pai zinafuata, nyingine kwa sentensi chache tu kwa sababu hazihitaji zaidi.

Mafuta ya aina tatu

Tupange miaka kwanza, maana hapa ndipo mabishano mengi yanapoharibikia. Chipsi hizi zimepitia awamu tatu. Mafuta ya ng'ombe hadi 1990. Kisha mafuta ya mimea yaliyotiwa haidrojeni ili yawe mazito na yahimili moto. Kisha, kuanzia ahadi ya 2002 hadi kazi ilipokamilika Marekani mwaka 2008, mafuta ya mimea yasiyo na mafuta aina ya transi. Aliyezaliwa Marekani mwaka 1985 na sasa anaapa kwamba anakumbuka ladha ya mafuta ya ng'ombe, karibu kila chipsi anayoikumbuka ilikuwa ya awamu ya pili. Anayoyalilia ni mafuta yaliyotiwa haidrojeni, na kwa upande wa ganda kavu ana haki: yalikuwa yanakaribia sana ya ng'ombe kwa tabia, ila hayakuwa na harufu yake.

Awamu ya kwanza ilimalizwa na Phil Sokolof, mfanyabiashara wa Omaha aliyepatwa na shambulio la moyo akiwa na miaka 43. Alitumia fedha zake kununua kurasa nzima za magazeti akizishutumu kampuni za vyakula kwa mafuta mazito, na mwaka 1990 McDonald's, Burger King na Wendy's zikasalimu amri ndani ya mwezi mmoja. Tatizo ni kwamba mafuta ya kawaida ya mimea huchoka haraka kwenye kikaangio, na dawa ya wakati huo ilikuwa haidrojeni, inayozaa mafuta ya transi. Baadaye ikabainika kwamba hayo kwa moyo ni mabaya kuliko yale yaliyofukuzwa. Mamlaka ya chakula ya Marekani ilitoa uamuzi wa kuyaondoa mwaka 2015, ukaanza kutumika 2018.

Kwa nini mafuta ya ng'ombe yalikaanga vizuri? Karibu nusu yake ni mafuta mazito, yale yanayoganda yenyewe. Sehemu kubwa ya nusu nyingine ni asidi ya oleiki, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni. Sehemu inayochacha kwa wepesi ni kama asilimia 4 tu, wakati kwenye soya inazidi nusu. Matokeo yake, kikaangio hukaa siku nyingi bila kunuka. Pia utando unaobaki juu ya chipsi huanza kushika mara chipsi inapopoa kidogo, kwa hiyo vidole havitoki vikimeremeta na ganda halilowi. Na moto unapoyavunja taratibu, yanatoa harufu ya nyama inayofika puani kabla ya chumvi kufika ulimini.

Ila wanaozisifu husahau upande wa pili. Chipsi za mafuta ya ng'ombe zikipoa kabisa ni mbaya kuliko za leo. Utando unageuka mweupe, unabandika kwenye kaakaa na hautoki mpaka unywe kitu cha moto. Zilikuwa chipsi za kuliwa kaunta, si za kubebwa. Na mtu asije akaziita chakula cha afya kwa sababu tu kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi.

Harufu ya nyama haikuachwa ipotee. Marekani, kiwanda kinatia kionjo cha nyama ya ng'ombe kwenye mafuta ya kukaangia mara ya kwanza, na leo kionjo hicho kinatajwa kwenye orodha ya viambato pamoja na ngano na maziwa yanayotumika kukitengeneza. Wasiokula nyama, Wahindu wakiwemo, walikuwa wameelewa kwamba kuhamia mafuta ya mimea kumeondoa ng'ombe kabisa. Walipogundua walikwenda mahakamani, na mwaka 2002 kampuni ilikubali kutoa dola milioni 10. Uingereza orodha ni fupi: viazi, mafuta ya mimea, na sukari ya dekstrozi inayotiwa mwanzoni mwa msimu wa viazi. Hakuna kionjo cha nyama. Anayezilinganisha chipsi za London na za Chicago huku akidhani ni bidhaa moja, analinganisha vitu viwili tofauti, na aliyezoea za Marekani ataziona za London zimepwaya.

Kugandishwa hakuna kosa

Lalamiko lingine maarufu ni kwamba zamani viazi vilimenywa na kukatwa dukani, na kwamba barafu ndiyo iliyoua ladha. Nusu ya kwanza ni kweli. Hadi katikati ya miaka ya 1960 matawi yalikata viazi vyake yenyewe. Ndugu wawili waliouanzisha mgahawa huo San Bernardino waliviacha viazi kwenye mapipa ya wavu, upepo mkavu wa jangwani ukipita, na bila kukusudia wakawa wanaviivisha: sukari inageuka wanga, na kiazi chenye sukari kidogo hakiungui rangi kabla hakijaiva ndani. Ray Kroc, aliyekuja kuigeuza McDonald's kuwa kampuni kubwa, alipofungua tawi lake Des Plaines karibu na Chicago mwaka 1955, chipsi zikamgomea kwa sababu viazi vilihifadhiwa chini ya jengo, kwenye hewa iliyotulia. Ilibidi awashe feni.

Ndipo akaja J. R. Simplot wa Idaho na viazi vilivyogandishwa, na tawi halikuhitaji tena ghala, feni wala mtu wa kumenya. Mchakato wa kiwandani leo uko hivi kwa ufupi: kiazi, mara nyingi cha aina ya Russet Burbank, kinakatwa, kinachovywa maji ya moto ili wanga wa juu uive na sukari ya ziada itoke, kinatiwa dekstrozi ili rangi ilingane, kinatiwa fosfeti ili kisiwe cha kijivu, kinakaushwa kwa hewa, kinakaangwa kwa muda mfupi sana, kisha kinagandishwa. Dukani kinaingia kikaangioni kikiwa bado barafu, kwenye mafuta ya karibu nyuzi 168 za sentigredi, kwa dakika 3 na kidogo.

Hatua hizo ndizo zinazojenga ganda. Maji yanapoganda ndani ya kiazi, chembe za barafu hutoboa kuta za seli, na kwenye mafuta mvuke hutoka haraka zaidi. Ndani panabaki pakavu na pepesi. Anayetaka ushahidi wa kinyume aende In-N-Out. Kampuni hiyo ya California inakata viazi mbele ya mteja na kuvikaanga mara moja tu kwenye mafuta ya alizeti. Viazi ni vibichi kweli, hakuna hila, na chipsi zinalegea kabla mteja hajafika mezani. Bila kuchovywa maji ya moto na bila kukaangwa mara ya kwanza, ganda ni jembamba mno, na maji ya ndani yanalilowesha kwa dakika chache. Five Guys nao hukata dukani, lakini wanakaanga mara mbili, kwenye mafuta ya karanga, na tofauti inaonekana: chipsi zao ni laini bila kuwa chepechepe.

Ulaya kuna jambo jingine ambalo halihusiani na kumbukumbu wala ubahili. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kuwepo kwa akrilamidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, kwenye vyakula vya wanga vilivyopikwa kwa moto mkali, na tangu Aprili 2018 kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2017/2158 inaelekeza mafuta ya kukaangia viazi yawe chini ya nyuzi 175, na rangi ilenge dhahabu iliyopauka. Kama chipsi za huko zinaonekana hazijaiva sawasawa, ndivyo zilivyokusudiwa.

Zinapoharibika dukani

Kanuni ya McDonald's ni kwamba chipsi zilizokwisha kukaangwa zina dakika 7 chini ya taa. Kanuni hiyo ni nzuri, na tofauti kati ya tawi zuri na baya kwa kiasi kikubwa ni kama inafuatwa. Katika dakika 2 za mwanzo ganda ni gumu na mvuke bado unatoka. Kufika dakika ya 5 ncha zinaanza kujikunja. Kufika ya 10 unakula kiazi cha kuchemsha chenye chumvi.

Kasoro nyingine zinasomeka kwa macho. Chipsi iliyopauka na inayochuruzika mafuta imetoka kwenye kikapu kilichojazwa kupita kiasi: barafu nyingi imeshusha moto, ganda halikufunga mapema, mafuta yakanywewa. Mashine za sasa zinaongeza hatari hiyo, kwani nyingi hubeba karibu kilo 14 za mafuta badala ya 23 za zamani. Zinaokoa fedha na kujiongezea mafuta zenyewe, lakini hazisamehi uvivu. Chipsi nyeusi kwenye kingo, yenye uwazi ndani na ladha chungu kwa mbali, imekaangwa kwenye mafuta yaliyochoka. Harufu ya samaki mahali ambapo hakuna samaki aliyekaangwa ni ya soya au kanola inayochacha; mafuta ya ng'ombe hayakuwa na tatizo hilo hata yalipozeeka.

Mafuta hayazeeki kwa moto peke yake. Chumvi, makombo na maji ndivyo vinavyoyamaliza. Ndiyo maana chipsi hutiwa chumvi pembeni, kamwe si juu ya kikaangio, na ndiyo maana mafuta huchujwa kila siku. Ujerumani hukumu ya mafuta ni asilimia 24 ya mabaki ya kuvunjika kwake, Ufaransa na Ubelgiji 25; yakipita hapo ni ya kumwaga. Mteja hana kipimo hicho, lakini ana pua, na povu dogo lisilokwisha juu ya kikaangio ni dalili tosha.

Ule ujanja wa kuagiza bila chumvi ili ukaangiwe upya hufanya kazi, lakini unamsumbua mhudumu bila sababu na unakuharibia chipsi. Chumvi hushika wakati utando wa mafuta bado ni majimaji, yaani katika nusu dakika ya kwanza. Ukiinyunyiza mezani inabaki chini ya boksi. Sema tu unataka zilizotoka sasa hivi na kwamba utasubiri. Nenda saa ya mlo watu wanapokuwa wengi, si saa tisa alasiri duka likiwa tupu. Ukibeba, acha mdomo wa mfuko wazi. Za kuletewa nyumbani na bodaboda au gari hatuna ushauri, maana dakika 20 ndani ya mfuko uliofungwa hakuna ganda linalozistahimili.

Kujaribu mwenyewe

Steak 'n Shake, kampuni ya baga ya Marekani, ilirudi kwenye mafuta ya ng'ombe mwanzoni mwa 2025, na wengi wakadhani miaka ya 1980 imerejea. Imerejea nusu. Iliporudi, chipsi zilikuwa zikifika dukani zimeshakaangwa mara ya kwanza kiwandani kwenye mafuta mengine, na mafuta hayo hayatoki yote. Harufu imeboreka, ganda limeboreka, lakini ladha ya Formula 47 haijafikiwa. Kuifikia kunahitaji mafuta yaleyale kwenye mikaango yote miwili, na hilo kwa sasa ni kazi ya jikoni kwako.

Nunua kilo 2 za mafuta ya figo ya ng'ombe, si mafuta ya juu ya misuli, ambayo hubaki na harufu nzito. Yakate vipande vidogo au yasage, tia kikombe kimoja cha maji, weka moto mdogo kwa saa 3. Maji huzuia kuungua mwanzoni, kisha yanakauka yenyewe. Chuja kwa kitambaa mara vipande vinapokuwa vya kahawia hafifu. Ukingoja viwe vyeusi mafuta yote yatanuka. Utapata takriban kilo moja na nusu, inayotosha kukaanga gramu 150 za viazi kwa mkupuo. Usizidishe. Sufuria isijae zaidi ya nusu, kwani mafuta haya hufura yakikutana na maji.

Viazi viwe vya wanga mwingi, vile vinavyopasuka vikichemshwa. Kata unene wa milimita 7, osha mpaka maji yawe maangavu, kisha chemsha polepole dakika 8 hadi 10 kwenye maji yenye siki, kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita. Siki ni ya lazima: inashikilia kuta za kiazi zisisambaratike, na bila hiyo utatoa viazi vya kuponda. Kausha sana. Kaanga kwa nyuzi 190 kwa sekunde 50, poza nusu saa, panga kwenye trei na gandisha usiku kucha. Siku ya kula zitoke barafuni moja kwa moja hadi kwenye mafuta ya nyuzi 180, dakika 3, kisha chumvi laini papo hapo. Chumvi ya mawe haifai, inadondoka.

Fanya nusu ya viazi kwenye mafuta ya ng'ombe na nusu kwenye kanola, ule zote mbili zikiwa za moto. Kwenye ugumu wa ganda utasita. Puani hutasita hata kidogo. Subiri dakika 15 uonje tena, na safari hii zile za kanola ndizo zitakazolika.

Baga: hapa kumbukumbu inadanganya

Baga za McDonald's za miaka ya 1980 zilitengenezwa kwa mafungu, zikafungwa, zikapangwa kwenye sehemu yenye joto nyuma ya kaunta zikingoja mteja. Zilikuwa na dakika 10 kabla ya kutupwa. Mkate uliloa, letusi iliiva, jibini ilikauka kingo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mfumo huo uliachwa. Baga sasa inapangwa baada ya kuagizwa, na mkate unatoka kwenye kibaniko wakati huohuo. Kilichohamia kwenye kungoja ni nyama peke yake, iliyopikwa na kuwekwa kwenye kabati la joto lenye trei.

Kujua hilo kunasaidia kuagiza. Kuomba baga ya kawaida bila vitunguu hakukuletei nyama mpya, kwani nyama inatoka kwenye trei ileile. Kunakuletea baga bila vitunguu. Kipande chake kina gramu 45 kikiwa kibichi, ni chembamba, na kikikaa kabatini kinakauka kama kadi. Quarter Pounder ni habari nyingine. Tangu 2018 matawi ya Marekani bara yanaipika kwa nyama isiyogandishwa, gramu 113, baada ya kuagizwa. Ina juisi, kingo zake zina rangi ya kahawia ya kweli, na kwa maoni yetu hakuna baga ya kampuni hii ya miaka ya nyuma inayoifikia. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza mikate laini zaidi na vitunguu kutupwa juu ya nyama ingali kwenye bamba la moto. Yanaonekana madogo, ila lile la vitunguu linaonjeka.

Big Mac haijafaidika sana, kwa sababu bado inategemea vipande viwili vya gramu 45 na mikate mitatu. Ukitaka ladha yake yenye nyama ya maana, agiza Quarter Pounder na uombe sosi ya Big Mac.

Nageti, kuku na wengine

Nageti za McDonald's zilienea Marekani mwaka 1983 na hadi 2003 zilichanganywa nyama nyeupe na nyekundu ya kuku. Kisha ikabaki nyeupe tupu, hatua iliyopendeza kwenye tangazo na kukausha kitu chenyewe, kwani nyama ya paja ndiyo yenye mafuta. Anayesema za zamani zilikuwa na unyevu zaidi yuko sahihi, na zile za kabla ya 1990 zilikuwa pia zimekaangwa kwenye mafuta ya ng'ombe. Vihifadhi vya kutengenezwa viliondolewa 2016. Kwa ulimi hakuna kilichobadilika. Zile za umbo la buti, tukiulizwa, ndizo zenye ganda zuri, kwa kuwa zina kona nyingi.

Kwa KFC, mlalamikaji wa kwanza alikuwa mwenye sura iliyoko kwenye ndoo. Harland Sanders, mwanzilishi wake, aliiuza kampuni mwaka 1964 kwa dola milioni 2, na katika miaka ya 1970 aliisema vibaya hadharani rojo ya kampuni hiyo kiasi kwamba tawi moja la Kentucky likamshtaki. Alishinda. Kwa hiyo wimbo wa "si kama zamani" una umri wa nusu karne hapo. Bado kuku mwenye mfupa anapakwa unga kwa mkono dukani na kukaangwa kwenye mashine ya mgandamizo, ambayo inafunga unyevu ndani na kufupisha muda. Mashine hiyo haijabadilika kimsingi, mikono imebadilika. Unga usiokung'utwa vizuri unatoka madonge, na kuku aliyekaa kabatini ganda lake linachomoka kama soksi. Omba kipande cha paja, kinachostahimili kungoja kuliko kidari.

Penye mabadiliko makubwa kuliko yote ni pale jiko lilipoondolewa kabisa. Taco Bell ilifanya hivyo kwa mpango ulioitwa K-Minus, yaani duka kasoro jiko: nyama ikaanza kuletwa imeshapikwa, maharage yakaja makavu ya kutiwa maji ya moto. Tim Hortons ya Kanada ikaacha kukaanga donati dukani usiku mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuleta zilizopikwa nusu na kugandishwa. Donati haisamehe hilo jinsi kiazi kinavyosamehe, kwani mkate unaopashwa moto mara ya pili hupoteza maji na hauwezi kuyarudisha. Hapo walalamikaji wana haki yote, na hakuna ujanja wa kuagiza utakaosaidia.

Domino's, kampuni ya pizza, ndiyo kesi ya kinyume. Mwishoni mwa 2009 ilikiri kwenye matangazo yake yenyewe kwamba wateja wanaufananisha mkate wake na karatasi ya boksi, ikabadilisha kila kitu: kitunguu saumu na siagi kwenye ukingo, sosi yenye pilipili zaidi, jibini ya mozarela iliyochanganywa na provoloni. Pizza ya sasa ni bora kuliko ya 1990 na hakuna haja ya kubishana.

Pai

Pai ya tufaha ya McDonald's ilikaangwa Marekani tangu 1968 hadi 1992, kisha ikaanza kuokwa. Ya kukaangwa ilikuwa na ganda lenye malengelenge, ngumu nje, na rojo ya ndani ya moto kiasi cha kuchoma ulimi. Ya kuokwa ni laini, ina mdalasini juu, na tangu 2018 ina ganda la kimia na vipande vya tufaha vinavyotafunika. Kwa tunda, mpya imeshinda. Kwa ganda haikaribii hata kidogo.

Bahati nzuri hii ndiyo bidhaa ya zamani ambayo bado inauzwa. Uingereza na baadhi ya nchi nyingine hawajaacha kuikaanga. Angalia ganda kabla ya kulipa: lenye malengelenge na lisilo na matundu ya kimia ndilo. Ing'ate kona moja mvuke utoke, isubiri dakika 5, na usiibebe kwenye mfuko mmoja na chipsi.